Je, David Ogilvy alifungua kampuni ya matangazo akiwa mikono mitupu?

Mwandishi wa Ilala

Wadau, salaam. Ninaandika matangazo katika kampuni moja hapa Dar es Salaam na nimeanza kufikiria kujitegemea. Kila ninapoomba ushauri huletewa mfano wa David Ogilvy, Mwingereza aliyefungua kampuni New York mwaka 1948 akiwa na miaka 37, na ambaye inasemekana hakuwa na shahada, mteja wala uzoefu. Ningependa wanaoifahamu historia yake wanieleze kama kweli alianza mikono mitupu, na ilikuwaje kampuni aliyoijenga yeye mwenyewe ikanunuliwa angali hai, tena bila ridhaa yake.

Mzee wa Nembo

Ndugu Mwandishi, simulizi hiyo ni nusu tu. Ni kweli kwamba aliondoka Oxford mwaka 1931 bila shahada, akafanya kazi ya jikoni katika hoteli ya Majestic mjini Paris, kisha akaenda Uskochi kuuza majiko ya AGA nyumba kwa nyumba. Kinachoachwa nje ni kwamba aliyauza vizuri kiasi kwamba mwaka 1935 mwajiri wake alimtaka awaandikie wauzaji wenzake mwongozo, na kaka yake Francis, aliyekuwa katika kampuni ya matangazo ya Mather & Crowther ya London, akauonyesha kwa wakuu wake, ambao walimpa David kazi. Kwa hiyo alikwisha kuijua fani kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1938. Huko alifanya kazi chini ya George Gallup, bingwa wa kura za maoni, akipima maoni ya watazamaji wa filamu, na nadhani hicho ndicho chuo kikuu chake halisi. Wakati wa vita alikuwa katika idara ya ujasusi ya Uingereza mjini Washington, na baadaye akajaribu kilimo huko Pennsylvania.

Mtaji nao haukutoka mfukoni mwake peke yake, kwani Mather & Crowther na S. H. Benson, zote kampuni za matangazo za London, ndizo zilizomdhamini. Wadhamini hao walitaka rais wa kampuni awe Mmarekani, akachukuliwa Anderson Hewitt kutoka J. Walter Thompson, kampuni nyingine ya matangazo, na Ogilvy akaanza kama makamu wa rais anayeshughulikia utafiti. Mwanzilishi, basi, hakuwa bosi.

Dada wa Kisauni

Naongezea upande wa kazi yenyewe, maana vijana wengi wanadhani jamaa alibahatisha. Hathaway, kiwanda cha mashati cha Maine, kilikuwa mteja mdogo mwenye bajeti ya dola 30,000 tu. Mwaka 1951, akiwa njiani kwenda kupiga picha za tangazo, Ogilvy alinunua kitambaa cheusi cha kufunika jicho moja, akamvalisha mwanamitindo wake. Shati likawa shati la mtu mwenye kisa, na msomaji akabaki kujiuliza jicho lile lilipatwa na nini. Hata hivyo, chini ya picha kulikuwa na maelezo marefu ya kitambaa, mishono na vifungo, na sehemu hiyo ndiyo wanaomwiga huiacha.

Tangazo la Rolls-Royce la mwaka 1958 lilifanywa hivyo hivyo: alisoma taarifa za gari hilo kwa muda wa wiki tatu, akakuta kwamba likienda maili 60 kwa saa sauti kubwa kuliko zote ndani yake ni ya saa ya umeme, akaifanya kichwa cha habari. Hakuitunga, aliikuta imeandikwa.

Mhasibu Mstaafu

Nijibu swali la pili. Mwaka 1966 hisa za kampuni ziliuzwa kwa umma, na Ogilvy mwenyewe akaendelea kupunguza zake. Mwaka 1973 alistaafu uenyekiti, akahamia katika kasri lake la Touffou, Ufaransa. Martin Sorrell wa WPP, kundi la Uingereza linalomiliki kampuni za matangazo, alipokuja na ofa mwaka 1989, Ogilvy alimtukana hadharani, lakini wenye hisa walikuwa wengine na dola milioni 864 zikawatosha. Baadaye alikubali kuwa mwenyekiti wa WPP asiye mtendaji kwa miaka mitatu. Kundi hilo hilo ndilo linalomiliki sehemu kubwa ya Scangroup, kampuni ya matangazo ya Nairobi, kwa hiyo habari hii si ya mbali sana nasi.

Mwandishi wa Ilala

Nawashukuru sana. Mhasibu, naomba unisaidie jambo moja zaidi: alikuwa akiwatoza wateja kwa utaratibu gani?

Mhasibu Mstaafu

Desturi ya wakati ule ilikuwa kamisheni ya asilimia 15 ya gharama za nafasi katika magazeti na redio, maana yake ni kwamba kampuni ilipata zaidi kadiri mteja alivyotumia zaidi, hata kama matumizi hayo hayakuwa na faida kwake. Ogilvy alipoichukua kazi ya Shell mwaka 1960, alikubali kulipwa ada iliyopangwa mapema. Wenzake katika fani walinung'unika, lakini sasa aliweza kumshauri mteja apunguze matangazo bila kujikata mshahara. Ukifungua ya kwako, ndugu yangu, andika ada hiyo katika mkataba kabla hujachora chochote, na hisa zako usiziguse.