Tupeane uzoefu: Tom Mboya Street enzi za magazeti

Jana nimepita Tom Mboya hapa Nairobi na kijana wangu, pale Nation House ya zamani, nikamwambia Nation na Taifa Leo zilikuwa hapa kabla zihamie ile minara miwili ya Kimathi, akaniangalia kama nimetunga. Wenye kumbukumbu leteni.

WANJA
Umenikumbusha mbali. Mamangu alipofariki nilitumwa tauni kupeleka tangazo la kifo, gazeti silitaji. Nimepiga laini tangu asubuhi na picha ndogo ya paspoti mkononi, yule wa dirishani anahesabu maneno na kalamu, moja moja, nikifika mwisho pesa hazitoshi ikabidi nikate majina ya wajukuu. Kesho yake kufungua, picha ni ya mama lakini chini jina la mzee fulani sijui wa wapi!! Watu walikuja matanga wakiuliza tunazika nani.

OTIS
Pole Wanja. Hapo kwa majina ya wajukuu hata sisi tulikata.

MTU WA KALE
Kwani Standard mmeiacha wapi? Hiyo ndiyo gazeti ya Nairobi original.

BINTI MVITA
Nyie wa bara bwana, Standard imezaliwa Mombasa 1902! Mwenyewe A.M. Jeevanjee, huyo huyo wa bustani yenu ya Jeevanjee, ikiitwa African Standard. Nairobi imekuja 1910.

MTU WA KALE
Sawa mlizaa, sisi tukalea.

KAMAU WA MAGAZETI
Wacheni kupigana. Mimi nilikuwa vendor, Machi 2, 2006 nimeamka saa tisa usiku kama kawaida, bando la Nation likaja, la Standard wapi. Tunangoja tu kwa baridi, mara mmoja anakuja mbio ati polisi wamefunika nyuso wamevamia ofisi za Standard, na kule kiwandani Likoni Road magazeti yamechomwa, na televisheni yao KTN imezimwa. Kuna mwalimu mstaafu alikuwa ananilipia wiki nzima, nikamwambia mwalimu, leo gazeti limeungua. Akacheka, akanyoosha mkono akingojea.

OTIS
😳 Kamau endelea, alisemaje?

KAMAU WA MAGAZETI
Alichukua Nation akaniambia bado ananidai Standard yake.

WANJA
Ukitaka nakala za zamani umwonyeshe kijana, nenda maktaba ya McMillan, Banda Street.

MTU WA KALE
National Archives ni karibu zaidi.

BINTI MVITA
Ama ulizeni kwa muuza mandazi, anazo nyingi.