Mwizi kupigwa na umati, kukatwa mkono na rehema ya Allah: wenye elimu naombeni msaada

Fundi wa Majengo (Moshi)

Assalam alaykum waislamu wote, na nyie wengine habari zenu.

Mi ni fundi simu hapa Moshi mjini. Juzi kati kuna dogo alimkwapulia mama mmoja simu maeneo ya stendi, akakimbizwa mpaka akadakwa na mnajua kinachofuata hapo, mawe, magongo, mateke, watu ambao hata huyo mama hawamjui wanapiga kana kwamba wameibiwa wao, dogo damu zinamtoka puani na masikioni na kuna mtu kashaenda kutafuta petroli. Polisi wakawahi wakamchukua akiwa hoi.

Sasa kilichoniuma zaidi, kati ya waliokua wanapiga kuna kijana namfahamu kabisa, tunaswali msikiti mmoja, alikua na kanzu na kofia siku hiyo maana ilikua Ijumaa. Watu walipomwambia basi inatosha akajibu kwa sauti "kwenye sheria ya Allah mwizi anakatwa mkono, huyu hapa tumemhurumia". Akasema mbele ya watu wote wale.

Jirani yangu wa fremu ya pili ni Mlutheri wa Machame, mtu mstaarabu, mchana tunakula wote, alisikia. Kesho yake akaniuliza taratibu kabisa, "shehe, nyie kila jambo mnaanza kwa jina la Mungu mwingi wa rehema, mbona adhabu zenu ndo kali kuliko za wote, hiyo rehema inaingilia wapi?" Sikutaka kumjibu juu juu. Nguzo sita za imani nimezisoma madrasa, namuamini Allah, malaika wake, vitabu, mitume, siku ya mwisho na kadari, ila namna hayo yanavyoungana na mambo ya adhabu hatukufika. Naomba nijue, yule kijana alikua na haki ya kusema vile? Na mtu akishaadhibiwa duniani, akhera anaadhibiwa tena au imeisha?

Mzee wa Bondeni (Moshi)

Waalaykum salaam mwanangu. Umefanya vizuri kumtafutia jirani yako jibu la maana.

Nianze na huyo kijana maana ndo yuko karibu. Alichofanya ni dhulma, na kuibandika jina la Allah kumeiongezea uzito. Aya anayoisema ipo, Al-Maida aya ya 38, hakuna muislamu anayeikataa, lakini inayofuata, ya 39, inasema atakayetubu baada ya dhulma yake na akatengenea basi Allah anapokea toba yake, zinasomwa pamoja. Na adhabu hizo za hudud, yani zilizopangwa kwenye Qur'an na hadithi (moja yake inaitwa hadi), ni kazi ya mtawala kupitia kadhi, baada ya kesi, kwa mashahidi wawili waadilifu au mtu akiri mwenyewe bila kulazimishwa. Madhehebu manne ya sheria zetu, Shafi, Hanafi, Maliki, Hanbali, tafuta popote, hutakuta sehemu raia wa stendi amepewa ruhusa ya kuokota jiwe.

Halafu kuna jambo wengi hawalijui. Ili wizi ufikie hukumu ile lazima mali iwe imefika kiwango, kwa sisi Mashafi ni robo dinari, kama gramu moja ya dhahabu na kidogo, iwe imechukuliwa kwa siri kutoka mahali ilipohifadhiwa, ndani ya nyumba iliyofungwa mfano, au kwenye sanduku, na pasiwe na shubha yoyote, yani utata unaotia shaka kwenye kosa, kama baba kuchukua mali ya mwanae. Shubha ikiingia, adhabu ya hadi inaanguka. Sasa sikiliza hii, ipo hadithi ya Jabir kwenye vitabu vya hadithi vya Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w) anasema hakatwi mkono mwenye kufanya khiyana (kusaliti amana), wala mporaji, wala mkwapuaji. Mkwapuaji! Huyo dogo wa simu angefikishwa mbele ya kadhi mwenye mamlaka kamili, kwa kosa lile lile hakatwi mkono, anapewa taazir, adhabu ambayo kadhi anaipima kwa kuangalia kosa na hali ya mtu, inaweza kua kifungo, inaweza kua viboko, inaweza kua kuonywa tu. Na simu airudishe, akiwa ameivunja ailipe. Kwahiyo huyo kijana wa kofia ametoa hukumu ambayo hata kitabu anachokitaja hakikuitoa.

Na petroli ndo usiseme. Imo kwa Bukhari, Mtume alishawaagiza maswahaba wakiwakuta watu wawili wawachome moto, kisha kabla hawajaondoka akawarudisha akasema hakuna anayeadhibu kwa moto isipokua Allah. Na hao wawili walikua maadui wa vita, sembuse mtoto wa mtu aliyechukua simu. Muislamu anayeshika kibiriti kwenye jambo kama hilo anajichukulia haki ya Mola wake.

Kuna siku nyingine aliletwa mlevi, akaadhibiwa, mtu mmoja akamtukana "Allah akufedheheshe", Mtume akasema msimsaidie shetani dhidi ya ndugu yenu. Adhabu anaipata, lakini anabaki ndugu.

Mangi_Kibosho

Mi mkristo naomba kuuliza kwa heshima, sio ubishi. Mzee umeeleza vizuri sana na hilo la mkwapuaji sikuwahi kulisikia. Lakini zipo nchi zinakata watu mikono kweli, na tunasikia habari za mwanamke kuhukumiwa kupigwa mawe kule Nigeria. Na hao wanaokatwa mbona hua ni masikini, sijawahi kusikia waziri. Hapo haki iko wapi?

Ustadhi Kaloleni (Arusha)

Ndugu Mangi swali lako ni la haki kabisa na waislamu wenyewe tunaulizana.

La masikini na tajiri ndo alilolikemea Mtume mwenyewe. Mwanamke wa ukoo wa Makhzum, ukoo mkubwa wa Kikureshi, aliiba, wakubwa wakaona aibu wakamtuma Usama bin Zaid ambaye Mtume alikua anampenda sana akamuombee. Mtume akakasirika, akasimama akawaambia watu waliokua kabla yenu waliangamia kwasababu akiiba mkubwa wanamwacha, akiiba mnyonge wanamsimamishia adhabu, na kwamba lau Fatima binti Muhammad angeiba basi angeukata mkono wake. Hiyo Bukhari na Muslim wote wameipokea. Kwahiyo serikali inayomkata kibarua mkono huku inamwacha anayekula mabilioni ya watu wake, hiyo hadithi inaihukumu serikali yenyewe, sisemi nchi gani, popote pale.

Na Omar bin Khattab mwaka wa ukame, mwaka wa 18 Hijria, watu wanakufa njaa Madina na bara zima la Hijaz, alisimamisha kukata mikono. Hakufuta aya, wanazuoni wanaeleza kwamba mwenye njaa ana shubha. Yani mtawala kabla hajauliza nani kaiba anatakiwa aulize watu wamekula?

Hiyo kesi ya Nigeria nadhani unamaanisha Amina Lawal wa Katsina. Alihukumiwa 2002, dunia nzima ikapiga kelele, na wengi hawakufuatilia mwisho wake, Septemba 2003 Mahakama ya Rufaa ya Sharia, hiyo hiyo ya Sharia, ikamwachia huru kwasababu kesi ya chini haikufuata taratibu na hakupewa nafasi ya kujitetea ipasavyo. Qur'an inataka mashahidi wanne kwenye zinaa, na anayemsingizia mwanamke bila kuwaleta hao wanne anachapwa viboko 80 na ushahidi wake haupokelewi tena, An-Nur aya ya 4. Ukiangalia kwa makini hiyo aya iliteremka kumlinda mwanamke na midomo ya watu. Hapa mitaani kwetu tungeitekeleza hiyo moja tu, Arusha nzima ingekaa kimya.

Na tuwe wakweli, kuna wanazuoni wa leo wanasema hudud zisimame mpaka jamii iwe na uadilifu kwanza, wapo wanaokataa hilo, mjadala upo. Ila hapa kwetu hakuna mahakama inayokata mtu mkono. Hata kadhi wa Zanzibar na kadhi wa Kenya wanasikiliza ndoa, talaka, mirathi na mambo ya familia basi. Jinai zote ni za serikali.

Mama Salma (Ngarenaro, Arusha)

Assalam alaykum. Nimesoma kimya kimya lakini hapa nataka kuongea kwasababu mi ni mfiwa.

Mdogo wangu aliuwawa, ugomvi wa watu waliokua wanakaa nyumba moja. Kesi ilienda miaka, nikawa naenda mahakamani na mama yetu, tunakaa kwenye benchi nyuma, siku nyingine tunafika tunaambiwa imeahirishwa tunarudi na kifodi tumechoka hata kuongea hatuongei. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kumgeukia mama akamuuliza we unataka nini. Mama aliitwa kutoa ushahidi kuhusu mwili, basi. Kesi ni ya Jamhuri na mshtakiwa, sisi tuliotolewa mtu wetu tumekaa pale kama wasikilizaji.

Sasa nisomeeni Al-Baqara 178. Mtu akiua kwa makusudi haki inarudi kwa familia ya aliyeuwawa, wanaweza kutaka kisasi kupitia mahakama, wanaweza kuchukua dia (fidia ya damu), wanaweza kusamehe kabisa, na Allah anamuita muuaji "ndugu yake" ndani ya aya hiyo hiyo, aliyesamehewa na ndugu yake. Na amesema huo ni wepesi kutoka kwa Mola wenu na rehema. Ndugu Fundi, jirani yako anayeuliza rehema imeingilia wapi, mwambie hapo. Imewekwa mikononi mwa mtu mwenye uchungu, sio mwingine amsamehee.

Mama alikua ameshasamehe ndani ya moyo wake, aliniambia usiku mmoja tukiwa tunakunja nguo, anataka yule kijana alipe kitu kwa watoto wa marehemu aende zake akatubu. Kwa kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu mtu akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia ni kunyongwa, hakimu hana pa kupinduka, na kunyonga kwenyewe hakujafanyika tangu miaka ya tisini. Kwahiyo mtu anakaa gerezani akisubiri kifo kisichokuja, watoto wa marehemu hawapati hata daftari, na msamaha wa mama hauna pa kupokelewa. Mi sijasoma sheria lakini najua hiyo sio haki iliyokamilika.

Wakili mdogo_Sakina (Arusha)

Dada Mama Salma pole sana, Allah amrehemu marehemu. Naongezea kidogo tu kwa upande wa sheria. Hiyo hukumu ya kifo ya lazima ilishafika hapa hapa Arusha kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, na Novemba 2019 wakatoa uamuzi dhidi ya Tanzania kwamba kumnyima jaji nafasi ya kuangalia mazingira ya kosa ni kukiuka haki ya kuishi. Nimewahi kuwaza kwamba fiqhi, yani sheria ya dini, ilishalitatua hilo zamani kwa njia nyingine, kisasi hakijawahi kua cha lazima, kina mlango wa msamaha. Marekebisho madogo, pale kwenye mauaji anayehukumu ni Jaji wa Mahakama Kuu sio hakimu.

Mzee wa Bondeni (Moshi)

Binti Mama Salma umeniliza. Allah ampe mama yako ujira, Ash-Shura aya ya 40 imesema anayesamehe na kusuluhisha ujira wake uko kwa Allah.

Nimalizie swali la pili la Fundi. Hadithi ya Ubada bin Samit, Bukhari, anayefanya makosa kama wizi au zinaa akaadhibiwa duniani basi hiyo ni kafara yake, na ambaye Allah amemsitiri jambo lake liko kwa Allah, akitaka atamsamehe, akitaka atamuadhibu. Hapo ndo imani ya siku ya mwisho inaungana na mambo ya haki uliyokua unauliza. Kadhi anahukumu anachokiona, kilichomponyoka kinasubiri mizani. Kwahiyo hatuna sababu ya kuumaliza mwili wa mtu barabarani eti asije akaponyoka, kwani anaenda wapi?

Lakini haki za watu zina hesabu yake. Mtume aliwauliza maswahaba nani mufilisi, wakasema asiye na pesa wala mali. Akasema mufilisi wa umma wangu ni anayekuja na swala, saumu na zaka lakini alimtukana huyu, akala mali ya huyu, akamwaga damu ya huyu, akampiga huyu, basi wanagawiwa mema yake mpaka yanaisha, kisha anabebeshwa dhambi zao. "Akampiga huyu", imo. Huyo kijana wa kofia ana deni kwa mkwapuaji. Amtafute amuombe radhi.

Fundi wa Majengo (Moshi)

Allah awalipe wote, Mama Salma pole sana dada yangu. Jirani nimemuonyesha kwenye simu kasoma yote, ile ya moto kairudia mara mbili. Huyo kijana ntaongea nae baada ya Isha tukiwa wawili tu, sitaki kumuaibisha.

Swali la mwisho mzee wangu. Yule mama mwenye simu anasema anataka amsamehe dogo, simu kaipata, na ameambiwa kituoni inawezekana. Kwenye dini kuna wakati wa kusamehe au muda wowote?

Mzee wa Bondeni (Moshi)

Awahi. Safwan bin Umayya aliibiwa nguo yake akiwa amelala msikitini, akamkamata mwizi akampeleka kwa Mtume, hukumu ilipotoka akaona huruma akasema nimemsamehe, Mtume akamwambia mbona hukufanya hivyo kabla hujaniletea? Ipo kwa Abu Dawud na Nasai. Hiyo ni kwenye hadi, taazir ina nafasi zaidi, lakini mafunzo ni hayo hayo, kabla halijafika kwa kadhi mlango uko wazi kabisa. Mwambie aende kesho asubuhi, na kama huyo dogo hajapelekwa hospitali mpitishe harambee hapo kwenye fremu zenu, mi nitatuma changu.