Tupeane uzoefu: Jino la mtoto liking'oka mchezoni, watoto wenzake wanajua la kufanya?

Wadau, habari za muda huu. Watoto wakigongana mchezoni jino likang'oka, wanaowahi kufika ni watoto wenzao. Mtu mzima anakuja baadaye, jino lishaanza kukauka. Wangu nimewafundisha mambo matatu tu: liokote, usiguse mzizi, litie kwenye maziwa. Je, wenu wanajua nini?

Mama Pacha: Mwanangu wa miaka 10 alipigwa na bembea, jino la mbele la juu likatoka zima. Dada yake alishafundishwa shuleni. Alilishika upande ule mweupe, akalimwagia maji kidogo, akamwambia mwenzake alirudishe kwenye tundu lake, kisha ang'ate leso. Nilimkuta ameng'ata kweli, machozi yanamchuruzika, hathubutu kufumbua mdomo. Daktari alilifunga na meno jirani kwa waya mwembamba kwa wiki 2. Jino analo mpaka leo.

Mwalimu wa Watoto: Nilipouliza darasani, wengi walisema wangelisugua kwa sabuni na kulifunga kwenye tishu. Jamani, wana nia njema kabisa! Nikawaeleza kwamba mzizi umefunikwa na nyuzi hai zinazolishikilia jino, ukisugua unaziua. Mmoja akauliza, "Kwa hiyo jino nalo lina ngozi?" Tangu siku hiyo hakuna aliyetaja sabuni tena.

Tabibu wa Meno: Mwalimu, hongera sana. Jino likikaa kavu nusu saa, chembe hai nyingi za kwenye mzizi zinakuwa zimeharibika. Ikifika saa 1, matumaini yanapungua mno, ingawa bado lileteni. Kulisuuza kusizidi sekunde 10. Kama mtoto anaogopa kulirudisha, msimlazimishe: maziwa baridi yanatosha. Maziwa hakuna? Ateme mate kwenye kikombe, jino likae humo. Msililoweke kwenye maji, chembe zile huvimba na kupasuka. Na kama mtoto alizimia au anatapika, achaneni na jino kwanza, wahini hospitali kwa ajili ya kichwa.

Baba Mdogo: Samahani tabibu, wangu ana miaka 4, kateleza kwenye ngazi sasa hivi, jino limetoka. Tulirudishe?

Tabibu wa Meno: Pole sana, ndugu. Hapana, la utoto halirudishwi. Ndani ya taya, karibu na mzizi wake, kuna jino la kudumu linalojijenga, unaweza kuliumiza. Mng'atishe kitambaa safi damu ikate, mlete aonwe leo, na jino mje nalo tuhakikishe halikubakiza kipande.

Mama Pacha: Na hawa wa miaka 6 hadi 8 wenye mchanganyiko, tutajuaje?

Tabibu wa Meno: La kudumu ni pana zaidi, na likiwa jipya ncha yake huwa na vijimeno kama msumeno. Mkishindwa kutofautisha, msilirudishe. Tieni kwenye maziwa, mje mbio.