Tupeane uzoefu: wiki za mwisho kabla ya likizo ya Desemba kwa tunaosoma uzamili na uzamivu

Mwanzisha mada (Dar es Salaam)

Ndugu zangu, habari za majukumu. Nimefungua mada hii kwa sababu ninaamini wengi wetu tunaosoma shahada za juu hupatwa na mambo yanayofanana kila unapoingia mwezi wa 12, lakini kila mmoja huyabeba peke yake, kana kwamba ni uzembe wake mwenyewe. Nitatangulia na la kwangu, nanyi mniwekee ya kwenu.

Ninasoma uzamili wa elimu, na huu ni mwaka wangu wa tatu. Data nilikwishakusanya, sura zote tano zimekamilika, na kilichobaki ni fomu ya kusudio la kuwasilisha tasnifu, karatasi moja tu yenye nafasi tatu za saini: ya msimamizi, ya mratibu wa masomo ya uzamili na ya mkuu wa idara. Fomu hiyo isipopokelewa kabla chuo hakijafunga, muhula mpya utanikuta nikiwa bado mwanafunzi, na mwanafunzi hudaiwa ada. Msimamizi wangu alisaini siku moja baada ya sikukuu ya Uhuru, nami nikatoka ofisini kwake nikiamini kwamba shughuli imekwisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifika mlangoni kwa mratibu kila siku ya kazi saa 2 asubuhi. Mara ya kwanza niliambiwa yuko kwenye kikao, mara ya pili anasimamia mitihani, na wiki iliyofuata nikakuta kufuli mlangoni pamoja na karatasi iliyobandikwa kusema kwamba atarejea Januari.

Fomu nilikuwa nimeitia kwenye bahasha ya kaki, na kwa kuwa sikuthubutu kuikunja, nilikuwa nikitembea nayo mkononi. Joto la Dar mwezi huu mnalijua. Pembe ya bahasha ilikwishalainika kwa jasho la vidole vyangu. Katibu muhtasi, mama mtu mzima ambaye amekwishanizoea, aliitazama, kisha akanitazama mimi, akasema, “Mwanangu, ukiiacha hapa italala mezani mpaka mwakani. Bora uondoke nayo.” Nilimshukuru kwa dhati, maana katika siku zote hizo ndiye peke yake aliyeniambia ukweli.

Tiketi ya basi la kwenda Moshi niliikata tangu Novemba, kwa sababu anayesubiri Desemba pale stendi ya Mbezi anajua kinachomsubiri. Tarehe 22 nitasafiri. Baba yangu hana maneno mengi, na ada ya mwaka wa kwanza aliilipa kwa kuuza ng'ombe wawili. Kila nikifika ataniuliza swali moja, “Umemaliza?” Mwaka juzi nilimjibu kwamba bado kidogo, mwaka jana nikamjibu hivyo hivyo, na mwaka huu nina tasnifu nzima lakini sina la kumjibu, kwa sababu ya saini ambayo mtu huiweka kwa sekunde tano.

Majaribio ya Mpunga (Morogoro)

Pole sana, ndugu. Mimi nipo upande wa kilimo, na kero yangu inatokana na ukweli kwamba mimea haina likizo.

Nina ndoo 48 za mpunga ndani ya kitalu nyumba: aina tatu za mbegu, ikiwamo Saro 5, viwango vinne vya mbolea ya naitrojeni, na kila mchanganyiko umerudiwa mara nne. Mpunga huu nilipanga uchanue Novemba. Mbegu zilichelewa kufika kwa wiki tatu, basi nao umechanua sasa, wakati kila mtu anafunga mizigo. Kijana ninayemlipa anisaidie kumwagilia asubuhi na jioni ameomba aende kwao Kilosa kusherehekea Krismasi na mama yake, nami nimemruhusu, kwa kuwa ombi lake ni la haki kuliko data yangu.

Kilichoniumiza zaidi kilitokea wiki iliyopita. Ili kupata uzito mkavu, tunakata mmea, tunautia kwenye mfuko wa karatasi wenye namba, kisha tunaukausha kwenye oveni ya maabara kwa nyuzi joto 70 kwa muda wa saa 48. Nilikuwa nimeingiza mifuko 12, yaani marudio yangu yote ya kwanza. Usiku umeme ukakatika. Fundi sanifu alikuwa ameanza likizo na funguo alikuwa nazo yeye, kwa hiyo hatukuweza kufungua maabara mpaka keshoye mchana. Nilipovuta mlango wa oveni nilipokewa na harufu kama ya majani ya ng'ombe yaliyolazwa kwenye gunia. Sehemu ya chini ya mifuko ilikuwa imelowa, na majani yaliyokuwa katikati ya rundo yalikuwa ya kahawia na yakinata vidoleni. Mmea uliokwisha kuoza umepoteza uzito wake, na namba yoyote ambayo ningeiandika pale ingekuwa ya uongo.

Niliketi kwenye ngazi za maabara nikitazama mawingu yakishuka kwenye milima ya Uluguru, na kwa mara ya kwanza tangu nianze masomo nilitamani kuandika namba za kukisia. Sikuziandika. Nimebaki na marudio matatu. Msimamizi wangu anasema yanatosha kuchanganuliwa endapo nitaeleza wazi kilichotokea, na sikukuu nitakuwa nayo hapa, na ndoo 36.

Mwalimu wa Zamu (Songea)

Nyinyi mna data iliyooza na fomu isiyosainiwa; mimi watafitiwa wangu wametawanyika. Utafiti wangu unahusu walimu wa sekondari, na wanaofahamu njia ya kibali wanajua kwamba barua hutoka chuoni, ikaenda mkoani, ikashuka wilayani, ndipo ukakanyage shuleni. Yangu ilitoka mwisho ikiwa imebaki wiki moja kabla shule hazijafungwa. Nilipanga kuwahoji walimu 24, nikawapata tisa. Waliosalia ninawapigia simu, lakini mtu aliye shambani kwake akipanda mahindi, huku mtandao ukikatika kila dakika, hawezi kukueleza kwa utulivu anavyofundisha darasa la wanafunzi 90. Mmoja wao aliniambia kwa upole sana, “Mwalimu mwenzangu, niache nipande kwanza, mvua hainisubiri.” Nilimwomba radhi, na Januari nitamfuata shuleni kwake.

Mama Wawili (Dodoma)

Mimi ni mhasibu katika kampuni binafsi na ninasoma uzamili jioni. Desemba tunafunga hesabu za mwaka, kwa hiyo ninatoka kazini saa 2 usiku, na ninapofika nyumbani watoto wamekwishalala. Juzi mkubwa wangu, mwenye miaka sita, nilimkuta amesinzia kwenye kiti karibu na kompyuta yangu. Dada wa kazi akaniambia, “Alisema atakusubiri hapa kwa sababu ndipo unapokaa.” Nilimbeba kitandani, nikarudi, nikakaa mbele ya sura ya pili kwa muda mrefu bila kuandika neno.

Nina jambo moja ninalotaka liwasaidie wengine. Tasnifu yangu ilirudishwa kwa sababu Turnitin, programu inayolinganisha maandishi yako na ya wengine, ilionesha mfanano wa asilimia 31, nami nilikesha siku mbili nikiandika upya aya ambazo hazikuwa na tatizo lolote, huku nikijiona mwizi. Baadaye mwenzangu mmoja alinionesha kwamba sehemu kubwa ya mfanano ule ilitokana na orodha ya marejeleo na maneno ya hojaji, ambayo lazima yafanane. Programu ile ina sehemu ya kuondoa marejeleo na nukuu katika hesabu. Tulipoviondoa, tukapata asilimia 14. Kabla hujakesha, mwombe anayekukagulia akuoneshe ni mistari ipi imetiwa rangi.

Mtanga (Leipzig)

Salamu kutoka Ujerumani. Huku chuo kinafunga kuanzia mkesha wa Krismasi hadi mwaka mpya, na wakati huu wa mwaka jua linazama kabla hata saa 10 na nusu za alasiri. Ofisi tuliyokuwa watu wanne nimebaki peke yangu, na maoni ya msimamizi kuhusu sura ya tatu yamefika jana, yakiwa marefu kuliko baadhi ya kurasa za sura yenyewe. Nyumbani Tanga watanipigia wote kwa pamoja, simu ikipita mkono hadi mkono, na bibi ataniuliza kama nimekula wali. Huo ndio usiku mgumu kuliko usiku wowote wa uandishi.

Mzee wa Faili (Dar es Salaam)

Mwanzisha mada, nimefanya kazi katika ofisi za umma miaka mingi kabla sijarudi darasani, nami ninakuomba usikate tamaa mapema. Kiongozi akisafiri, nafasi yake hukaimiwa. Katibu muhtasi wa mratibu huenda hajui, kwa sababu mara nyingi barua ya kukaimu hupelekwa kwa mkuu wa idara peke yake. Usiulize “Mratibu atarudi lini?” Nenda kwa mkuu wa idara ukaulize “Nani anakaimu uratibu?” Ukipata jina, mwenye jina hilo ana mamlaka ya kusaini. Majaribio ya Mpunga, kwako ninasema umefanya kazi ya mtafiti wa kweli.

Mwanzisha mada

Mzee wangu, shikamoo, na ahsante sana. Leo asubuhi nilikwenda kuuliza kama ulivyonielekeza. Anayekaimu ni mhadhiri ambaye ofisi yake ipo ghorofa hiyo hiyo, milango mitatu tu kutoka pale nilipokuwa nikisimama siku zote. Aliisoma fomu, akaniuliza mada yangu ni nini, akasaini, na akanitakia safari njema. Mkuu wa idara alikuwa amekwishatoka, lakini katibu wake amenihakikishia kwamba kesho ataingia asubuhi, na kwamba baada ya kesho hatakuwapo.

Mwalimu wa Zamu na Mama Wawili, nimewasoma zaidi ya mara moja. Mtanga, ukipigiwa simu, mwambie bibi umekula.

Kesho saa 1 na nusu nitakuwa mlangoni. Bahasha nimeibadilisha.