Kikundi cha familia: majibu ya ultrasaundi ya Tumaini

JUMANNE

Tumaini (saa 1:40 jioni): Shikamoo Mama, shikamoo Shangazi. Wengine hamjambo. Leo nilikwenda ultrasaundi ya wiki ya 20. Tangu mchana nawaza niandike au ninyamaze. Mtoto yupo, moyo unapiga. Lakini kuna kitu wameona kichwani.

Mama: Marahaba mwanangu. Kitu gani?

Upendo: Tumaini pokea simu

Tumaini: Siwezi kuongea dada, nikifungua mdomo nalia. Niacheni niandike.

Tumaini: Aliyekuwa ananipima alikuwa anazungumza vizuri tu, ananionyesha mgongo, miguu, uso. Alipofika kichwani akanyamaza. Akawa anarudi palepale, anabonyeza, anapima, anabonyeza tena. Nikamuuliza kuna nini, akasema daktari atanieleza. Daktari akaja, akaniambia kuna sisti mbili kwenye ubongo, moja kila upande. Akasema mara nyingi huondoka zenyewe, ila Jumatatu niende kwa bingwa amwangalie mtoto mwili mzima. Baada ya hilo neno ubongo, mengine yote yalinipita.

Shangazi: Uvimbe kwenye ubongo?? Ee Mungu wangu.

Shangazi: Tuanze kuomba usiku huu huu. Na habari hii isitoke humu ndani.

Neema: Pole sana wifi yangu. Elia yuko na wewe?

Tumaini: Yupo. Ameishika ile karatasi ya majibu tangu turudi. Anaisoma, anaikunja, anaifungua tena. Hasemi kitu.

Mama: Isije ikawa ile homa uliyougua mwanzoni. Au vile vitu vizito ulivyokuwa unanyanyua, nilikukataza.

Upendo: Mama tafadhali, si sasa.

Rehema: Mama mdogo shikamoo, Shangazi shikamoo. Nimetoka zamu sasa hivi ndiyo naona. Tumaini, piga picha ile sehemu ya chini ya karatasi, pale palipoandikwa hitimisho, unitumie mimi peke yangu. Usiiweke hapa.

Tumaini: Nimetuma

Rehema: Nimeisoma yote. Shangazi, tuanze na hilo neno uvimbe maana ndilo litakalotukesha. Hakuna nyama iliyoota. Ndani ya ubongo kuna sehemu inaitwa koroidi, kazi yake ni kutengeneza maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Mtoto anapokua, maji kidogo huweza kunasa kwenye mikunjo yake, na kwenye kioo yanaonekana kama doa jeusi la mviringo. Hicho ndicho walichopima, kimoja milimita 4, kingine 6. Si saratani. Na koroidi siyo sehemu ya ubongo inayofikiri wala inayoendesha mikono na miguu.

Rehema: Katika mimba 100 zinazopimwa kipindi hiki, 1 hadi 2 hukutwa na sisti hizi. Nyingi zinakuwa zimeshapotea kufikia wiki ya 28 hivi.

Rehema: Na mama mdogo, kwa heshima zote: homa haisababishi hili, mizigo haisababishi, huzuni haisababishi. Hakuna alichokula wala alichoacha kula. Naomba hilo tulimalize leo, asilale nalo.

Mama: Sawa Rehema. Nimeelewa.

Tumaini: Kama ni maji tu, kwa nini wananipeleka kwa bingwa?

Rehema: Hapo sitakuficha, kwa sababu utakuja kulisoma mahali peke yako na litakutisha zaidi. Kila chembe ya mwili kwa kawaida ina nakala 2 za kromosomu namba 18, moja ya nyuzi zinazobeba vinasaba. Wapo watoto wachache wenye nakala 3, hali inaitwa trisomi 18, nayo ni nzito sana. Baadhi ya watoto hao hukutwa na sisti kama hizi. Ila karibu wote huwa na mengine yanayoonekana pia: moyo wenye kasoro, mwili mdogo kuliko umri wa mimba, ngumi zilizokunjwa vidole vikipandana na hazifunguki, nyayo zenye umbo tofauti. Kwa hiyo bingwa sisti hazimshughulishi sana. Anataka kuona kila kitu kingine.

Rehema: Karatasi yako ya leo inasema moyo una vyumba vinne, ukuaji unalingana na wiki, kitovu kina mishipa mitatu. Mikono wameandika "haikuonekana vizuri", mtoto alikuwa amelala vibaya. Hiyo ndiyo hali ilivyo usiku huu. Hatujui zaidi ya hapo, na tusiongeze.

Tumaini: Nimeona hilo la mikono. Ndilo linaloniua.

Neema: Wifi, kwa mimba yangu ya pili waliona maji kwenye figo ya mtoto, upande wa kushoto. Kwangu hayakuondoka tumboni. Alizaliwa nayo, akapimwa tena baada ya kuzaliwa, tukawa tunarudi kliniki mpaka ikatulia yenyewe. Nakuambia ili ujue hata pale jambo linapobaki, kuna watu wanaojua la kufanya.

Upendo: Na mimi kondo la nyuma lilikuwa chini kabisa wiki ya 20, kufika ya 32 likawa limepanda.

Tumaini: Nawashukuru. Lakini figo si ubongo jamani. Na kondo si mtoto.

Neema: Kweli kabisa. Hatulinganishi.

Tumaini: Sitaki mtu aniambie itakuwa sawa. Hakuna anayejua kama itakuwa sawa. Nikiambiwa hivyo naona kama nimefungiwa mlango, siwezi tena kusema ninaogopa.

Shangazi: Basi sema mwanangu. Tunasikiliza.

Tumaini: Ninaogopa kumzoea. Ameanza kucheza wiki hii, na leo alipocheza nilitoa mkono tumboni.

Mama: Mwanangu. Mwanangu jamani.

Upendo: Rudisha mkono Tumaini. Yeye hajui lolote kuhusu karatasi. Kukupenda anakupenda hivyohivyo, na wewe huna namna ya kumpenda kidogo ili uumie kidogo. Nilijaribu kwa mimba yangu iliyotoka, haikunipunguzia chochote.

Neema: Kilichonisaidia mimi, na si kila siku kilisaidia: mimi na kaka yako tulijiwekea muda. Tukishamlaza mkubwa, nusu saa tunaliongea lote, hata yale mabaya kabisa. Muda ukiisha tunafunga. Wazo likija mchana naliandika kwenye simu, linangoja usiku. Kabla ya hapo lilikuwa linanifuata jikoni, bafuni, kazini, kila mahali.

Tumaini: Nitajaribu. Nalala sasa, au nalala macho. Asanteni.

Elia (saa 6:25 usiku): Shemeji Rehema, samahani kwa usiku. Nimekuwa nasoma mtandaoni. Nimeona picha za watoto. Nimesoma kwamba wengi hawamalizi mwaka. Tumaini amelala chumbani, nimejifungia sebuleni.

Rehema: Niko macho shemeji. Ulichosoma kinahusu watoto ambao trisomi 18 imeshathibitishwa. Mtoto wako hajathibitishwa chochote. Ule ukurasa unajibu swali ambalo hakuna aliyekuuliza bado. Funga simu.

Elia: Sitaki anione nikilia. Mmoja wetu lazima awe imara.

Upendo: Shemeji, huyo Tumaini hajalala, ameniandikia dakika mbili zilizopita. Anadhani kimya chako ni hasira kwamba tumbo lake limeharibika. Nenda chumbani.

Elia: Ameandika hivyo?

Upendo: Nenda.

JUMATANO

Tumaini: Habari za asubuhi. Tulilia wote wawili mpaka tukachoka, kisha tukalala. Leo angalau naweza kumeza kitu.

Shangazi: Mungu ashukuriwe. Nilitaka kumwomba jirani mmoja naye aingie kwenye maombi, lakini nimengoja ruhusa yako.

Tumaini: Asante kwa kuuliza Shangazi. Ngoja kwanza. Sitaki kukutana na watu wananitazama tumbo kwa huruma.

Shangazi: Nimekubali. Nitaomba peke yangu.

Rehema: Tumaini, mwandikie bingwa maswali mapema, maana pale kitandani utayasahau. Muulize sisti ziko peke yake au zina mwenzake. Moyo ameuona vizuri? Mikono aitafute mpaka ifunguke, hata kama itabidi utoke utembee kidogo mtoto ageuke. Kisha lile kubwa: kipimo cha ziada kitabadilisha nini kwetu? Na Elia ndiye aandike majibu, wewe utakuwa unatazama kioo.

Elia: Nimeyanakili. Shemeji, hivyo vipimo vya ziada ni vipi?

Rehema: Kuna cha damu ya mama. Ndani ya damu yake huelea vipande vidogo vya vinasaba kutoka kwenye kondo, maabara inavihesabu. Kinafanyika kuanzia wiki ya 10, hakimgusi mtoto. Kinasema uwezekano ni mkubwa au ni mdogo, lakini jibu la mwisho hakitoi. La mwisho hutoka kwenye maji ya mji wa mimba, yanachukuliwa kwa sindano kupitia tumboni, kuanzia wiki ya 15. Hicho kina hatari ndogo ya mimba kutoka, ndogo lakini ipo. Wengine wanataka kujua kwa hakika, wengine hawataki sindano. Wote wana haki. Na hapa kikundini tusipige kura, ni uamuzi wenu wawili.

Mama: Hilo umesema vyema.

Rehema: La mwisho toka kwangu. Hofu nayo ni habari ya kliniki. Ukikaa siku kadhaa usingizi hauji na chakula hakipandi, mwambie mkunga wako wazi, usingoje Jumatatu. Na ukiona damu au maji yanatoka, usituandikie sisi, nenda moja kwa moja.

IJUMAA

Tumaini: Leo mbaya. Nimemwona mama mmoja anatoka kupima, ameshika picha, anacheka. Nikamchukia. Mtu nisiyemjua.

Neema: Mimi nilikuwa nazima simu kila mtu akituma picha ya ultrasaundi. Haikufanyi mtu mbaya, wifi.

Tumaini: Nimerudisha mkono tumboni lakini.

JUMATATU

Mama (saa 2 asubuhi): Tupo pamoja nanyi.

Shangazi: Tupo.

Elia (saa 6:50 mchana): Tumetoka. Tumaini anakunywa maji. Amesema niandike mimi.

Elia: Sisti bado zipo zote mbili, zimebaki vilevile. Moyo ameuangalia muda mrefu sana, vyumba vinne, mishipa mikubwa inatoka panapotakiwa. Uti wa mgongo sawa, figo sawa, nyayo sawa. Ukuaji unalingana na wiki. Mkono wa kulia ulikuwa wazi tangu mwanzo. Wa kushoto alikuwa ameuficha chini ya shavu. Bingwa akamwambia Tumaini alale ubavu, akangoja, akatikisa kidogo tumbo. Hakuna. Akamtoa nje atembee ile korido. Tuliporudi mtoto alikuwa amegeuka, na tukauona ule mkono unakunjuka, vidole vitano, kimoja kimoja. Bingwa akavihesabu kwa sauti.

Upendo: 😭😭😭

Mama: Asante Mungu. Asante Mungu.

Elia: Amesema sisti zikiwa peke yake hivi, uwezekano wa trisomi umeshuka sana, lakini haukufika sifuri kwa ultrasaundi tu. Tumaini ametoa damu kwa kile kipimo. Sindano tumeamua hapana kwa sasa, labda damu ilete jambo.

Rehema: Mmefanya kwa utaratibu mzuri. Majibu ya damu huchukua siku kadhaa, wakati mwingine hata zaidi ya wiki. Kukawia si ishara ya ubaya, maabara ndivyo zilivyo.

Tumaini: Ni mimi sasa. Nimefurahi, na bado naogopa, vyote kwa pamoja. Nilidhani nikitoka pale nitakuwa mmoja wa wale wanaocheka na picha. Sijafika. Picha ninayo lakini, ya mkono.

Neema: Usijiharakishe wifi.

Tumaini: Ombi langu: majibu ya damu yakija, Elia ataandika hapa. Kabla ya hapo naomba mtu asiniulize "vipi, yameshatoka?" Kila simu ikilia moyo unaruka. Niulizeni habari nyingine.

Upendo: Imepita.

Shangazi: Tumekubaliana. Na lile la jirani?

Tumaini: Mwambie Shangazi. Sasa naweza.

Mama: Nakuja kesho nikae kwenu mpaka mwisho wa wiki. Nitakaa na mtoto wenu mkubwa, wewe upumzike. Habari ya majibu sitaigusa.

Tumaini: Njoo Mama.

Elia: Nijulishe ukianza safari Mama, nitakuja kukupokea.