Chambo cha panya: tutie mafuta ya karafuu, au twajidanganya?

Mwenye stoo, Kongowea
Jamani, naleta mjadala. Stoo yangu ni ya mchele na maharage. Kila asubuhi nakuta gunia limetobolewa pembeni, tundu la kupita kidole, punje zimemwagika mstari mpaka ukutani. Sumu niliyoweka wanaipita kando. Jirani amenijia na chupa ya mafuta ya karafuu, asema tuchanganye wavutike. Mwengine asema mdalasini. Mimi naona tujaribu: panya hufuata pua, na hapa harufu ya papa na ng'onda, samaki wakavu, ndiyo inayotushinda. Nani apinga?

Fundi wa dawa za wadudu, Majengo
Napinga. Karafuu ina eujenoli, ile inayotia ganzi ukibana pamba kwenye jino bovu. Wewe mtu mzima machozi yakutoka. Panya ndiye aone halua? Watu huitumia kumfukuza, kama mafuta ya peremende.

Halafu ujue panya ni mwoga wa ugeni. Kitu kipya njiani mwake atakizunguka siku kadhaa, aonje chembe, angoje. Ukiwa na sumu ya haraka, kama fosfidi ya zinki, asipokula ya kutosha kufa tumbo litamsokota usiku uo huo, na hasahau kilichomsokota kilinukiaje. Hiyo karafuu yako itakuwa umempigia kengele mwenyewe. Sumu za kuzuia damu kuganda, bromadioloni na jamaa zake, huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo hajui kilichomuua. Hapo harufu haidhuru sana. Kwani sumu yako ni gani?

Mwenye stoo, Kongowea
Ya barabarani, wale wa "panya, mende, kunguni" na kipaza sauti. Pakiti haina maandishi.

Fundi wa dawa za wadudu, Majengo
Basi twabishana nini! Sheria ya kusajili dawa hizi iko tangu 1982, nawe wanunua unga usio na jina ukauweka kando ya mchele wa watu.

Mama wa Kibokoni
Nyie hesabu yenu ni panya tu. Mimi paka wangu alikula panya aliyekuwa akipepesuka uwanjani. Siku chache baadaye fizi zavuja damu, hasimami. Daktari wa mifugo alimdunga vitamini K, lakini tulichelewa. Sasa mwataka chambo kinukie mdalasini? Kesho mtatia iliki, kinukie kama mahamri, na mjukuu wangu ana miaka 2, kila akiokotacho ni kinywani. Viwandani hutia uchungu ili mtoto ateme; nyie mwatia utamu.

Mwanafunzi, Tudor
Mama, kwa watoto sina jibu ila kisanduku cha kufungwa, na kiwekwe mbali. Lakini fundi amekaza mno. Mwezi wa tano, mvua ikikaza, chambo cha nafaka hapa hakichukui siku nyingi kabla ya kuota ukungu, na panya hakigusi tena. Mafuta ya karafuu huzuia ukungu. Tena panya hujifunza chakula kwa kunusa kinywa cha mwenzake aliyetoka kula. Ukiwapa chakula kitupu chenye harufu hafifu usiku nne tano, bila sumu, wataambiana wenyewe. Sumu ije baadaye, harufu ile ile.

Fundi wa dawa za wadudu, Majengo
Kutanguliza chakula kitupu, nakubali, ndivyo tufanyavyo. Ila iwe tone, si kijiko. Na mafuta hayo hupaa: stoo ya mabati, joto la Mombasa, keshokutwa wanusa unga tu. Nazi iliyochomwa ina mafuta yake, na panya wa hapa waijua tangu utotoni. Kisha ziba tundu za ukutani, maana hilo nalo hamkulitaja.

Mama wa Kibokoni
Nazi sawa. Kisanduku kwanza.

Mwenye stoo, Kongowea
Leo jioni nachoma nazi, bila sumu. Ile pakiti nimeifungia, nitakuletea fundi uitazame. Chupa nimemrudishia jirani, naye kumbe ana jino.