Mrejesho: shingo ya gita ilokuwa yanata mkono

Wazee wangu shukran sana, niliuliza kuhusu shingo ya gita langu la umeme ilokuwa yanata mkono na fretibodi (ule ubao wa mbele ya shingo unapobonyeza nyuzi) ya mbao ya roziwudi kujaa uchafu mweusi kando ya freti, vile vyuma vyembamba vilokatiza shingo, sasa naleta majibu.

Nilitoa nyuzi zote, pikapu, zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi, nikazifunika kwa masking tepu vile mloniambia, na hilo msilidharau kabisa kwa sababu unga wa stiliwuli (nyuzi laini za chuma za kusugulia) hushika kwenye sumaku na kuutoa ni kazi. Nikachukua stiliwuli ile laini namba 0000, nikasugua taratibu kufuata mshipa wa mbao, uchafu ulotoka wallahi kama masizi ya sufuria, na freti nazo zikang'ara papo hapo. Halafu matone machache ya lemoni oili maalum ya gita, nikaacha kidogo nikapangusa yote. Mafuta ya nazi nilikataa, hayakauki na mwisho yachacha, tena na joto letu hili la Mombasa.

Nyuma ya shingo ndo raha yenyewe! Vanishi ya kung'aa ndo yanata ukitoa jasho, basi nikapiga msasa laini namba 600 kidogo tu, kuua mng'aro sio kufika kwenye mbao, nikamalizia na stiliwuli ileile, sasa mkono wateleza kutoka freti ya 1 mpaka ya 12 bila kukwama.

Wenye fretibodi ya mepo (mbao nyeupe) ilopakwa vanishi, nyinyi stiliwuli na mafuta msiguse, kitambaa chenye unyevu kidogo chatosha.

Nyuzi mpya nshaweka, jioni twapiga.